Vielelezo vya Nyumba Namba Nne

Nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa bado linajadiliwa na kamati, ina wizara nyingi kuliko barabara. Nalisema hili kwa fahari. Barabara huharibika mvua ikinyesha, wizara haiharibiki. Mimi nimeajiriwa katika mojawapo, Wizara ya Utamaduni na Mambo Yaliyokwisha. Jina langu Mbaruku, na cheo changu ni Karani wa Taarifa Njema. Taarifa mbaya nazo zina karani wake, ila nafasi hiyo iko wazi tangu aliyekuwa akiishika alipoandika taarifa yake ya kwanza.

Ninasimulia yaliyotokea katika Kituo cha Taifa cha Utamaduni Hai kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, na kwa sababu tangu yatokee siwezi kukaa kitini kwa zaidi ya dakika kumi. Nainuka, nazunguka meza, naketi, nainuka tena. Daktari wa wizara amenipima akasema ni uzalendo.

*

Mtaa wa Mawe Mapana una nyumba saba za kale, za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, zilizoegemeana kama watu waliochoka kusubiri foleni. Ndani yake waliishi watu wa familia kumi na tisa. Siku moja Waziri wetu, Mheshimiwa Gervazi Tindwa, alipita hapo kwa kuwa dereva wake alipotea njia, akaona kanga zimeanikwa kwenye roshani iliyochongwa miaka mia mbili iliyopita. Alishuka garini, akavua miwani, akalia mbele ya waandishi wa habari.

"Huu ni urithi wa taifa," alisema, "na watu wanaishi ndani yake!"

Wiki iliyofuata wakaazi waliombwa, kwa msaada wa askari wenye virungu, wahame kwa miezi sita ili nyumba zikarabatiwe. Miezi sita ya wizara ilichukua miaka minne. Kazi ilipewa kampuni iliyokuwa maarufu kwa kujenga vituo vya mafuta, ambayo ilishinda zabuni kwa sababu ndiyo pekee iliyoambiwa kwamba kuna zabuni.

Miongoni mwa waliohamishwa walikuwamo Mzee Vuai na mkewe, Bi Mwanakheri, wa nyumba namba nne. Mzee Vuai alikuwa fundi wa chokaa. Kuta za mtaa ule karibu zote zilipita mikononi mwake. Alipofika miaka hamsini na mbili macho yake yaliingia ukungu, na baada ya miaka mitatu hakuona tena kitu. Lakini ndani ya nyumba yake mgeni asingejua. Alitembea akigusa ukuta kwa vidole viwili, na kila mahali paliposhuka, palipovimba au palipokuwa na kovu la msumari, alijua yuko wapi. Alipanda ngazi akiwa na kikombe cha kahawa mkononi na hakumwaga tone.

Walipelekwa Makazi ya Matumaini, kilomita ishirini kutoka mjini, ghorofa ya nne. Kule kila ukuta ulikuwa laini na sawa na mwenziwe. Mzee Vuai alikusudia kwenda chooni akaingia stoo. Alitafuta mlango akashika dirisha. Alipoanguka ngazini mara ya pili, aliketi kitandani na akaacha kusimama.

"Nimetiwa kwenye boksi," alimwambia mkewe. "Na boksi lenyewe halina hata alama ya juu na chini."

Bi Mwanakheri hakuwa mtu wa kuketi. Kila Jumanne, kwa miaka minne, alikuja wizarani, na huko ndiko nilikomfahamu.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Miezi sita imekwisha?"

"Inakaribia, mama."

"Ikikwisha uniambie. Mume wangu anasahau kutembea."

Nami niliandika katika daftari: mkaazi ameonyesha hamu kubwa na mradi.

*

Ukarabati ulikamilika, na ulipendeza. Jiko la nyumba namba nne likawa Ukumbi wa Harufu za Kale, ambamo ilikuwa marufuku kupika. Harufu ya karafuu na ya samaki wa kukaanga ilitoka kwenye makopo ya kupuliza. Choo kikawa Chumba cha Tafakuri. Kisima kikafunikwa kioo, na juu ya kioo pakaandikwa: Maji.

Tatizo lilikuwa moja. Kituo kiliitwa cha Utamaduni Hai na hakikuwa na aliye hai. Mkurugenzi wetu, Dokta Pantaleo Kisasembe, alinunua masanamu ya dukani yale ya kuvalishwa nguo, akayavisha kanzu na mabuibui na kuyapanga barazani. Yalikuwa ya rangi ya waridi, hayana vichwa. Wageni wa kwanza walifika, wakatazama, na mmoja akaandika katika kitabu: "Nyumba nzuri. Wenyewe wako wapi?"

Dokta Pantaleo alisoma maneno hayo akakataa chakula cha mchana. Zilikuwa zimebaki wiki sita Mlezi Mkuu wa Taifa aje kufungua kituo rasmi. Tangazo likatoka: wanatafutwa Wakaazi wa Asili, wawili, wa kuishi katika nyumba namba nne kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Bi Mwanakheri alikuwa wa kwanza kuleta barua. Aliitwa kwenye usaili, nami nikaandika kumbukumbu.

"Una uzoefu gani wa kuishi katika nyumba namba nne?" aliuliza Dokta Pantaleo.

"Miaka thelathini na nane."

"Mfululizo?"

"Nilitoka mara tatu, kwenda kujifungua."

"Una cheti?"

"Cha nini, baba?"

"Cha kuishi."

Bi Mwanakheri aliwatazama mmoja mmoja wote watano mezani, kama mtu anayechagua nyanya. "Mimi nilidhani kupumua kunatosha," alisema.

Jopo liliandika: mwombaji ana uzoefu, hana sifa. Nafasi ilipewa mpwa wa Waziri, binti mwenye stashahada mbili. Aliishi katika nyumba namba nne kwa siku mbili, akaona mjusi, akaomba uhamisho.

Zikabaki wiki tano. Dokta Pantaleo alitembea ofisini huku na huku hadi zulia likachubuka, ndipo wazo likamjia. Mfanyakazi lazima awe na cheti, kinyago hakitakiwi kuwa nacho. Kielelezo cha makumbusho kinahitaji namba tu, na kupanguswa vumbi kila Jumatatu.

Basi Mzee Vuai akaandikishwa kuwa Kielelezo Namba Thelathini na Moja, na Bi Mwanakheri Namba Thelathini na Mbili. Walivalishwa vibandiko mkononi. Kwa kuwa ni mwiko kielelezo cha taifa kutoka kituoni, na kwa kuwa walitakiwa warudi Makazi ya Matumaini kila alasiri, nilibuni Hati ya Kuazima. Saa kumi kamili Bi Mwanakheri alitia sahihi kumwazima mumewe, na Mzee Vuai alibonyeza dole gumba kumwazima mkewe. Asubuhi kila mmoja alimrudisha mwenziwe, nami nilikagua kama wana michubuko.

"Miaka arobaini na miwili nimekaa na huyu," alisema Bi Mwanakheri siku ya kwanza, akiangalia hati, "sikujua kumbe ningeweza kumrudisha."

*

Asubuhi ile nilimshika Mzee Vuai mkono kumwingiza ndani. Alikuwa mzito, anaburura miguu, anapapasa hewa. Tulipovuka kizingiti vidole vyake viwili vikagusa ukuta wa ukumbini. Alisimama. Kisha aliutoa mkono wangu kama mtu anayevua koti.

Akaanza kutembea, kwanza polepole, halafu si polepole. Alipinda kona bila kupunguza mwendo, akapanda ngazi, akainama penye boriti ya chini ambayo mimi mwenyewe imenigonga mara nne, akashuka kwa ngazi ya nyuma, akazunguka uani, akapanda tena. Alikuwa anacheka. Wageni waliokuwapo walipiga makofi wakidhani ni onyesho. Bi Mwanakheri alisimama chini ya ngazi, kiganja mdomoni, na machozi yalimtiririka hadi kwenye kibandiko namba thelathini na mbili, wino ukachuja. Niliandika: kielelezo kimepata unyevu.

Halafu kicheko kikakatika. Mzee Vuai alikuwa amefika chumba cha juu, kile kinachotazama uani. Aliweka viganja vyote viwili ukutani. Akanusa. Akalamba.

"Nani kapaka saruji hapa?"

"Kampuni, mzee. Saruji ya daraja la juu kabisa."

"Ndani na nje?"

"Ndani na nje, na rangi ya mafuta juu yake."

Aligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. "Sikiliza, mwanangu. Mawe haya yanakunywa maji kutoka chini, kila siku, kama mimi na wewe. Chokaa inayaacha yatoe jasho. Saruji imeyaziba mdomo. Maji yamebaki ndani, yanaula udongo ulioyashika mawe. Ukuta huu umesimama kwa mazoea tu."

"Utaanguka?"

"Mvua mbili tatu. Niletee chokaa iliyolowekwa, na vijana wawili wa kubandua. Wiki tatu nitakuwa nimemaliza."

Nilikimbia kwa Dokta Pantaleo na sentensi hiyo ikiwa ya moto kwenye daftari. Aliisoma, akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Ndugu Mbaruku. Nani amesema haya?"

"Namba Thelathini na Moja."

"Kielelezo?"

"Ndiyo, Daktari."

"Umewahi kuona mtungi ukalalamikia rafu?"

"Sijawahi."

"Mkuki ukatoa ushauri wa ulinzi?"

"Hapana, Daktari."

"Basi futa."

Niliifuta sentensi ile kwa rula, ili ifutike kwa heshima. Siku hiyo ndipo miguu yangu ilipoanza. Niliketi, nikainuka, nikaketi.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha zikiwa zimebaki wiki mbili. Kesho yake palikuwa na ufa ukutani, upande wa uani, mwembamba kama uzi. Dokta Pantaleo aliuona kabla sijaandika chochote, akaamuru picha ya Mlezi Mkuu itundikwe juu yake. Mvua ya pili iliurefusha ufa ukatokeza chini ya picha. Picha ikabadilishwa, ikaletwa kubwa zaidi. Mvua ya tatu, picha kubwa zaidi tena. Siku tatu kabla ya sherehe Mlezi Mkuu alikuwa na kimo cha ghorofa moja na nusu, anatabasamu, na tabasamu lilianza kupinda kidogo upande wa kushoto.

Kituo kizima kilikuwa mbiombio. Maua yalipandwa, yakang'olewa kwa sababu rangi yake ilikuwa ya chama kisichokuwepo, yakapandwa mengine. Mjusi alisakwa kwa amri ya maandishi. Kisima kilifutwa kioo mara tatu kwa siku. Viti mia tatu vilipangwa uani, na vya waheshimiwa, vyenye mito, viliwekwa mbele kabisa, chini ya picha, ili wapigwe picha pamoja nayo.

Mzee Vuai hakutulia. Kila nilipopita nilimkuta pale ukutani, viganja vinapanda na kushuka kama daktari na kifua cha mgonjwa.

"Umewaambia?"

"Nimeshughulikia, mzee."

"Umeshughulikia vipi?"

Niliinamia daftari, mbele ya mtu asiyesoma uso. Bi Mwanakheri, anayesoma, alinitazama mara moja akaendelea kukunja kanga. Alikwenda mwenyewe kwa Dokta Pantaleo siku hiyohiyo, akarudishwa mlangoni na katibu muhtasi: vielelezo huonwa, havimwoni Mkurugenzi.

*

Siku ya sherehe ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Kwa desturi za nchi yetu, saa tatu maana yake ni kwamba wananchi wafike saa kumi na mbili. Mlezi Mkuu aliwasili saa saba na nusu mchana. Tangu alfajiri hakuna aliyekula, kwa kuwa haikuwa heshima kutafuna kabla yake. Mawaziri walikuwa wamelegea vitini. Kwaya ya kina mama ilikuwa imeimba wimbo wa kukaribisha mara kumi na nne, na sauti ya pili ilikuwa imezimia.

Vielelezo vyangu viwili niliviweka barazani, mlangoni mwa nyumba namba nne, vikitazama uani. Mimi nilisimama nyuma yao.

Mheshimiwa Tindwa alipanda jukwaani akafungua karatasi. Zilikuwa nyingi.

"Mlezi Mkuu," alianza, "mwashi wa taifa, lipu ya umoja wetu! Taifa lisilo na ukuta ni taifa lisilo na pa kuegemea. Tazameni ukuta huu! Umetoka kwa mababu zetu, nasi tumeuboresha. Mababu hawakuwa na saruji. Tuwasamehe."

Makofi. Katikati ya makofi nilimwona Mzee Vuai amenyanyua kichwa.

"Mwanakheri," alisema polepole. "Unasikia?"

"Nasikia makelele."

"Chini ya makelele. Mchanga unamwagika. Ndani. Kama mtu anayemimina mchele."

Bi Mwanakheri hakumuuliza mara mbili. Aliinuka, akapita kando ya viti hadi kwa Dokta Pantaleo. Nilimfuata kwa sababu wajibu wangu ni kufuata kielelezo kinachotembea.

"Baba Daktari, ukuta unakuja."

"Bi mkubwa, kaa chini," Dokta Pantaleo alinong'ona huku anatabasamu mbele. "Wewe umo kwenye ratiba saa tisa."

Bi Mwanakheri akamwendea mlinzi wa Mlezi Mkuu, jitu lenye waya sikioni. "Mwanangu, waondoe watu. Unakuja."

"Nani anakuja?"

"Ukuta."

Mlinzi alifungua orodha ya wageni, akapitisha kidole juu hadi chini. "Hayumo," alisema.

Bi Mwanakheri alisimama pale, katikati ya serikali nzima. Uso wa Mlezi Mkuu, ule wa ukutani, ulikuwa umeanza kukunjamana shavuni. Bi Mwanakheri alinigeukia.

"Mbaruku, niambie upesi. Watu hawa wanasikia nini?"

Nilikuwa na njaa, nimesimama tangu alfajiri, na tumbo langu likanguruma, kwa nguvu, mbele ya mama mtu mzima. Bi Mwanakheri alilitazama tumbo langu. Kisha akapanda juu ya kiti kilichokuwa karibu naye, akajaza kifua pumzi, akaita kwa sauti ya mwanamke aliyelea watoto watatu katika nyumba ya orofa mbili:

"Pilau tayariii! Nyumba namba saba! Ya mbuzi! Sahani ni chache!"

Nimekwisha kuona maandamano, mikutano ya hadhara na mechi za fainali. Sijaona umati ukitembea vile. Viti vya mito ndivyo vilivyotangulia kubaki wazi. Majaji walivuka mabega ya wanajeshi. Sauti ya pili ilizinduka ikakimbia. Mlezi Mkuu mwenyewe aliinuka, kwa utulivu unaostahili cheo chake, akainua mapindo ya suruali yake kwa mikono miwili, na walinzi wakamfungulia njia kwa viwiko. Umati ulimsukuma Bi Mwanakheri hadi pembeni na mimi hadi mlangoni mwa nyumba namba nne, na kwa muda usiofika dakika mbili uani hapakuwa na mtu.

Isipokuwa mmoja. Mheshimiwa Tindwa alikuwa ukurasa wa tisa na hakuwa ameinua macho. "Na kwa hiyo, ndugu wananchi," aliviambia viti, "nani atatutikisa?"

Mzee Vuai alikuwa tayari ameondoka barazani. Hakuhitaji macho, Waziri alikuwa anaongea. Aliifuata ile sauti kati ya viti vilivyopinduka, mikono mbele, akajigonga, akainuka, akaifikia, akamshika Waziri ukosi wa koti na kumburura kinyumenyume. Waziri alikuwa bado anasoma. Walianguka pamoja ndani ya mlango wa nyumba namba nne, juu ya miguu yangu.

Ukuta ukaja.

Haukupiga kelele nilizotarajia. Ulikaa chini, kama mzee aliyechoka, kisha vumbi likafunika kila kitu. Lilipopungua, mstari mzima wa viti vyenye mito ulikuwa chini ya mawe. Mlezi Mkuu wa turubai alikuwa amelala kifudifudi.

"Mwanakheri!" Mzee Vuai aliita. "Mwanakheri! Nani kaumia?"

Alitokea kwenye vumbi, mweupe mwili mzima, akamshika mumewe uso kwa viganja vyote viwili. "Hakuna. Hakuna mtu. Wewe?"

"Goti tu. Na nyumba?"

Bi Mwanakheri aliinua macho. Chumba chao cha juu kilikuwa kimebaki wazi kama droo iliyovutwa, sakafu inaning'inia, mbingu inaonekana.

"Imefunguka," alisema, akaanza kulia kwa sauti, bila kujificha.

Na kutoka nyumba namba saba, kabla hajamaliza pumzi ya kwanza, ikasikika sauti ya mtu mkubwa iliyojaa uchungu wa kweli:

"Pilau iko wapi?"

*

Tume iliundwa siku hiyohiyo, ikafanya kazi kwa kasi. Nilikuwa karani wake. Ripoti ya awali ilikuta mambo yafuatayo. Ukuta ulikuwa imara hadi pale ulipozungumziwa. Waziri alikuwa shujaa kwa kubaki jukwaani wakati wengine wamekimbia. Na kosa kubwa kupita yote lilikuwa kutangaza pilau isiyokuwepo mbele ya Mlezi Mkuu, jambo lililoelezwa kuwa ukatili usio na mfano katika historia ya taifa.

Mwanasheria wa serikali aliandaa mashtaka. Yalikwama ukurasa wa kwanza, mahali pa kuandika jina la mshtakiwa, kwa kuwa daftari la kituo lilionyesha kwamba aliyetangaza hakuwa mtu. Sheria zetu hazina kifungu cha kukifunga jela kielelezo. Walijaribu kifungu cha wanyama wakali, hakikukaa vizuri.

Mheshimiwa Tindwa alihamishiwa Wizara ya Majengo, kutokana na uzoefu. Dokta Pantaleo alipelekwa masomoni. Kituo kikafungwa kwa muda usiojulikana, na Waziri mpya, aliyekuwa na haraka ya kutoa waraka wake wa kwanza, aliutoa kabla ya kusoma lolote: vielelezo vyote vibaki vilipo mpaka ripoti ya mwisho itolewe, na uazimaji wote umesitishwa.

Niliusoma waraka barazani, kwa sauti, mara mbili.

"Maana yake?" aliuliza Mzee Vuai.

"Maana yake, mzee, siruhusiwi kuwaachia muondoke."

"Leo?"

"Mpaka ripoti ya mwisho."

"Na ripoti za mwisho hutoka lini katika nchi hii?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Sijawahi kuiona moja."

Bi Mwanakheri aliingia jikoni. Nilisikia makopo ya harufu yakitupwa nje, moja baada ya jingine, kisha kiberiti.

*

Huu ni mwezi wa saba tangu waraka ule. Mimi ndiye mlinzi wa funguo. Niliomba chokaa wizarani kwa fomu ya dawa za kuhifadhia vielelezo, ikaletwa magunia arobaini bila swali. Tuliiloweka shimoni, tukasubiri, tukaanza. Mzee Vuai ndiye fundi. Anapanga jiwe, anapitisha kiganja, analitoa, analigeuza, analirudisha. Bi Mwanakheri anachanganya udongo na kutukana kazi zetu. Mimi nabeba. Chokaa imeniunguza mikono yote miwili, na nikibeba huwa nasahau miguu.

Lakini hatujatulia, nisidanganye. Kila gari linaposimama mwanzo wa kichochoro sote watatu tunanyamaza, mwiko wa chokaa hewani, mpaka liondoke. Bi Mwanakheri hufua kanga zake na kuzianika ndani, mbali na roshani, asije akapita mwingine aliyepotea njia. Juzi Mzee Vuai aliuliza kama ukuta ukikamilika watu wa wizara watatuona. Jana alibomoa mistari miwili iliyokuwa sawa kabisa, akasema haikumridhisha, akaanza upya.

Leo asubuhi ilikuja barua. Waziri mpya anataka hali ya vielelezo vya nyumba namba nne, kwa fomu, kabla ya Ijumaa. Niliketi barazani na kalamu. Nikainuka, nikaketi. Bi Mwanakheri alikuja akipangusa mikono.

"Wanasemaje?"

"Wanataka kujua kama mpo."

"Andika tupo."

"Kuna sehemu ya kuandika mahali kielelezo kilipohifadhiwa. Utaratibu ni kuandika nyumba namba nne, chumba cha pili, rafu."

"Rafu?"

"Au sakafu."

Alichungulia fomu juu ya bega langu. Ndani, Mzee Vuai alikuwa anashuka ngazi upesiupesi, anaimba kitu kisicho na maneno, anadai kahawa yake.

"Wewe umeandika mambo mengi, Mbaruku," Bi Mwanakheri alisema. "Hebu andika na hili moja."

Nikaandika: Namba Thelathini na Moja, kipo. Namba Thelathini na Mbili, kipo. Mahali: nyumbani kwao.

Nilipiga muhuri, nikaikunja, nikatoka nayo mbio kwenda posta, nimejaa chokaa, bila viatu, kabla sijapata nafasi ya kuketi nikafikiri.